Somo la Ziada: Msanii Ugenini – Albamu ya Exile ya Geoffrey Oryema

Somo hili limewekwa katika sehemu ya Fasihi Simulizi, baada ya nyimbo na kabla ya ukusanyaji na uhifadhi. Hakuna atakayekuuliza kulihusu kwa jina katika Karatasi ya Tatu. Hata hivyo, swali la nyimbo na swali la uhifadhi hurudi mara kwa mara, na wanafunzi wengi huyajibu kwa hoja zilizokaririwa: kinasasauti huua uhai wa utendaji, fanani hutenganishwa na hadhira, basi. Hoja hizo ni kweli, lakini mtahini huona mara moja kwamba mwandishi wake hajawahi kuifikiria sauti moja iliyowahi kurekodiwa. Tutaifikiria sauti moja hapa, tena ya mtu aliyezaliwa karibu nasi.

Kufikia mwisho wa somo uweze kueleza jinsi maisha ya mtunzi yanavyoathiri utunzi wake bila kuchanganya mtunzi na nafsineni, na uweze kutathmini, kwa mfano hai, kinachopotea na kinachookolewa wimbo unapotolewa uwanjani ukaingizwa studioni.

Usuli wa msanii

Geoffrey Oryema alizaliwa Soroti, Uganda, tarehe 16 Aprili 1953. Kwa mwanafunzi wa Angurai, Soroti si mbali kama inavyoonekana kwenye ramani. Ukivuka Malaba unapita Tororo, Mbale na Kumi, nayo Soroti iko mbele. Kiteso unachozungumza na nyanya yako kitaeleweka huko, ingawa watakucheka kidogo kwa lafudhi. Familia nyingi za Amukura, Angurai na Malaba zina wajomba na mashangazi upande ule, na mazishi yakitokea watu huvuka kwenda kulia na wenzao.

Oryema mwenyewe hakuwa Mteso. Alikuwa Mwacholi, na asili ya ukoo wake ni Anaka, kaskazini mwa Uganda. Baba yake, Erinayo Wilson Oryema, alikuwa afisa wa polisi aliyepanda cheo hadi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Mkuu wa Polisi nchini humo. Idi Amin alipotwaa mamlaka Januari 1971, mzee huyu aliingia katika baraza la mawaziri. Ndiye pia aliyemfundisha mwanawe kucheza nanga, ala ya nyuzi saba ya Waacholi. Kijana akaongeza lukeme, ile ala ndogo ya vyuma vinavyogongwa kwa vidole gumba ambayo sisi Wateso tunaiita akogo, na filimbi. Halafu akasomea mambo ya jukwaani Kampala. Kwa hiyo usimwone kama mtu wa kijijini aliyeokotwa na Wazungu. Alipoondoka nyumbani alikuwa tayari na elimu mbili, ya baraza la baba yake na ya jukwaa la mjini.

(Nanga hii isikuchanganye na nanga ya chombo baharini. Mwanafunzi mmoja aliniandikia kwamba Oryema “alicheza nanga ili meli isiondoke”. Nilicheka, kisha nikafikiri hakuwa mbali sana na ukweli.)

Februari 1977 mambo yaligeuka. Askofu Mkuu Janani Luwum, waziri Charles Oboth Ofumbi, ambaye ni mtu wa upande wa Tororo, na waziri Erinayo Oryema walikamatwa, wakauawa. Serikali ikatangaza kwamba watatu hao walikufa katika ajali ya gari. Kama umewahi kuvuka mpaka tarehe 16 Februari ukakuta ofisi za Uganda zimefungwa, sikukuu hiyo ni ya kumkumbuka Luwum. Waliokufa naye hutajwa kwa nadra.

Geoffrey alitimiza umri wa miaka 24 mwaka huo. Mwaka huohuo alitoroshwa, akavushwa mpaka wa Kenya akiwa amefichwa kwenye buti ya gari. Kutoka Kenya alielekea Ufaransa.

Tusimame hapo kwenye buti kwa sababu ndiyo picha kuu ya somo hili. Wewe unayekaa huku mpakani umezoea kuvuka. Malori yamepanga foleni Malaba, kina mama wanavuka na ndizi, nasi tumeupa ulimwengu neno boda boda kutokana na vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba abiria kutoka boda hadi boda. Kwako mpaka ni mahali pa biashara. Kwa kijana yule mpaka ulikuwa giza, harufu ya petroli na sauti ya askari nje ya bati ambayo hakujua itaishia wapi. Sisemi hivyo ili kutia chumvi. Nasema ili ukikutana na neno “uhamisho” katika fasihi usilisome kavu.

Kuhusu neno hilo lenyewe. Jina la albamu, Exile, ni la Kiingereza. Tunaweza kulifasiri kuwa Uhamisho au Ukimbizini, na kila tafsiri inabeba maana yake. Ugenini ni popote usipo mwenyeji, hata ukienda shule ya bweni Kakamega uko ugenini. Ukimbizini kuna aliyekufukuza au unachokikimbia. Uhamishoni kuna mamlaka iliyokutenga na nchi yako, hata kama hakuna aliyekusindikiza. Siyo ule uhamisho wa mwalimu anaopewa na TSC, ingawa najua walimu ambao wangeona hakuna tofauti.

Hesabu ya miaka kumi na mitatu

Albamu ya Exile ilitoka mwaka 1990. Msanii alikuwa ametoroka mwaka 1977. Toa moja kwa nyingine.

Wanafunzi wanaposimulia maisha ya wasanii hupenda kuruka hapa: “alienda Ulaya, akarekodi albamu, akawa maarufu.” Sentensi hiyo imekula miaka kumi na mitatu. Kijana wa miaka 24 alikuwa mtu mzima wa miaka 37 kazi yake ya kwanza ilipofika sokoni. Amin alikuwa ameondolewa tangu mwaka 1979. Unapochambua maudhui ya albamu hii, hesabu hiyo inakuzuia kuandika kosa kubwa, yaani kwamba Oryema anaimba kumkimbia Amin. Aliyemkimbia hakuwa tena madarakani kwa zaidi ya miaka kumi wakati albamu inarekodiwa. Uhamisho anaouimba umekwisha kuwa kitu kingine. Ni ule wa mtu ambaye mlango aliotokea umefunguliwa na bado hajarudi. Alirudi Uganda kutumbuiza Desemba 2016, karibu miaka arubaini baada ya ile buti. Akafariki Ufaransa tarehe 22 Juni 2018, akiwa na miaka 65.

Katika miaka hiyo ya kwanza Paris alikuwa na tatizo ambalo mtungaji yeyote wa fasihi simulizi angelijua. Wimbo wa Kiacholi unahitaji mtu wa kuuitikia. Fanani anaanza, hadhira inapokea, na asiyeitikia anaonekana. Sasa fikiria fanani aliye katika jiji ambalo hakuna jirani anayejua maneno ya kiitikio. Afanye nini? Anaweza kuimba kwa lugha ya wenyeji apate wasikilizaji, akose wimbo wake. Au aimbe kwa lugha yake, apate wimbo, akose wa kuitikia. Oryema hakuchagua upande mmoja. Alitunga kwa Kiacholi, akatumia Kiingereza, na katika albamu iliyofuata upo hata wimbo wenye jina la Kiswahili, Umoja. Wanafunzi wa kwetu wanaotoka jamii za Waluo au Wajopadhola wana bahati hapa, kwa maana Kiacholi ni ndugu wa lugha zao. Neno nyako, msichana, limo katika jina la wimbo mmojawapo, na halihitaji kamusi.

Studioni

Mwishoni mwa miaka ya themanini sauti yake iliwafikia watu wa WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali lililoanzishwa Uingereza. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 1989 ilianzishwa lebo ya Real World, yenye studio yake katika kinu cha zamani cha maji kijijini Box, Wiltshire. Exile ilitolewa na lebo hiyo, na aliyeitayarisha ni Brian Eno, Mwingereza ambaye wakati huo alikuwa anajulikana kwa kazi zake na kundi la U2 na kwa muziki wake wa vinanda vya umeme unaotandazwa polepole kama ukungu.

Mwanafunzi asiyewahi kuingia studioni aelewe jambo moja la kiufundi kabla hatujaendelea. Uwanjani kila kitu hutokea pamoja: ala, sauti, makofi, vigelegele, mtoto analia. Studioni vitu hivyo huweza kutenganishwa. Nyuzi hurekodiwa peke yake, sauti peke yake, kiitikio baadaye, kisha mtayarishaji huviweka tabaka juu ya tabaka na kuamua kipi kisikike mbele na kipi nyuma. Mwimbaji hufunga masikio kwa vipaza vidogo na kuuimbia ukuta. Hakuna anayemjibu hadi mtu abonyeze kitufe.

Katika hali hiyo mvutano wa albamu hii unaanza kuonekana. Upande mmoja kuna nanga na lukeme, ala ambazo zimetengenezwa zisikike pale karibu, na watu walioketi duara. Upande wa pili kuna vinanda vya Eno na mwangwi mrefu unaoweza kuifanya sauti ya mtu mmoja ijaze kanisa. Nani mwenye wimbo sasa? Wapo wanaosema mtayarishaji mgeni hufunika asili ya msanii. Mimi naisikiliza albamu hii kila mwaka na wanafunzi wangu, na siungi mkono kauli hiyo kikamilifu. Katika nyimbo ambazo Oryema anaachwa na nyuzi zake tu, utajua mara moja kwamba ndizo mfupa wa kazi nzima. Vinanda vinapoingia, mara nyingi huwa vinapanua upweke wake, havimfuniki. Hata hivyo kuna mahali, hasa nyimbo zenye mapigo mazito zaidi, ambapo nanga inapotea na ukiulizwa kama ni muziki wa Afrika Mashariki utasitasita. Unaruhusiwa kukubaliana nami au kukataa, mradi utoe mfano.

Jambo ninalolipenda zaidi ni kiitikio. Eno na Peter Gabriel wenyewe walichangia sauti za kuitikia. Hebu likadirie hilo kifasihi: fanani Mwacholi anaanza, na wanaompokea ni Waingereza wawili ambao hawajawahi kulia matanga naye. Ukitaka, uite kinaya, kwa kuwa aliyekosa hadhira kwao amepata hadhira isiyojua lugha yake. Ukitaka, useme ndivyo wimbo ulivyookoka. Katika mtihani hoja zote mbili zinapata alama zikithibitishwa, ila usiziandike katika sentensi moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Je, Exile ni mbolezi?

Hili ndilo swali ninalotaka ulikabili kwa makini, maana hapa somo la nyimbo ulilosoma Kidato cha Tatu linakutana na maisha ya mtu.

Unakumbuka sifa za mbolezi. Huimbwa katika matanga au mazishi. Huimbwa kwa toni ya huzuni na kwa mwendo wa polepole. Humsifu marehemu, hutaja ukoo wake na matendo yake, na wakati mwingine hutoa lawama kwa kifo au kwa waliosababisha kifo. Huwaunganisha waliobaki. Katika kwetu huku Uteso waliaji wazuri huitwa kutoka mbali, na mwenye sauti nzuri ya kulia hupewa nafasi hata kama si wa ukoo.

Sasa chukua kisa cha Oryema. Baba ameuawa. Serikali imesema ni ajali. Mwana amevushwa mpaka akiwa kwenye buti. Katika mwezi ambao jamii ingekuwa imekusanyika kuimba habari za mzee huyo hadharani, mwanawe alikuwa anatafuta namna ya kutoka nchini akiwa hai. Wimbo wa maombolezo uliotakiwa kuimbwa mwaka 1977 haukupata uwanja. Ukiuliza kwa nini albamu inayotoka miaka kumi na mitatu baadaye, katika nchi ya mbali, imejaa huzuni ya namna ile, jibu mojawapo ni kwamba matanga yaliahirishwa.

Wimbo wa Land of Anaka ndio mfano wa karibu. Jina lake linataja mahali, Anaka, nchi ya ukoo wa mtunzi. Katika mbolezi nyingi kutaja mahali ni njia ya kumtaja mtu bila kumtaja, kwani ukisema kilima alichozikwa babu yako, aliyepo anajua unamlilia nani. Kwa hadhira ya Ulaya, Anaka ni jina tu lenye sauti tamu. Kwa Mwacholi ni kaburi, shamba na jamaa. Hapo una mfano mzuri wa jinsi matini moja inavyokuwa na hadhira mbili zinazoipokea tofauti.

Lakini usikimbilie kuandika “albamu hii ni mbolezi” ukafunga karatasi. Sifa kadhaa za mbolezi hazipo. Hakuna matanga, hakuna waombolezaji waliokusanyika, na anayesikiliza anaweza kuwa ameketi kwenye basi huku akila chipsi. Isitoshe, albamu nzima haihusu kifo cha baba. Upo wimbo unaomhusu msichana aliyepagawa na pepo, jambo ambalo lina chimbuko katika imani na masimulizi ya Waacholi na halina uhusiano wa moja kwa moja na siasa za Amin. Ndiyo sababu nikasema tangu mwanzo tusichanganye mtunzi na nafsineni. Nafsineni ni anayesema ndani ya wimbo. Mtunzi ni Geoffrey Oryema aliyezaliwa Soroti. Wakati mwingine wanakaa nyumba moja, na wakati mwingine nafsineni ni msichana, ni mzee, ni kijiji. Mwanafunzi anayesoma kila wimbo kama barua ya mtunzi kuhusu babake atapoteza nusu ya albamu.

Kauli yangu ni kwamba Exile inachota toni na kazi za mbolezi na kuzipeleka katika muktadha usio wa mazishi. Kama unapendelea istilahi, huo ni ubunilizi wa utanzu: utanzu wa kale unapewa mahali papya pa kuishi kwa kuwa pale pa kale pamefungwa.

Jina la kuazima

Albamu ilipotoka na wasikilizaji wa Ulaya wakaipenda, wapo waandishi waliomwita Oryema “Leonard Cohen wa Afrika”. Cohen alikuwa mwimbaji wa Kanada mwenye sauti nzito na nyimbo za huzuni. Ilikusudiwa kuwa sifa. Lakini hebu jiulize, Cohen aliwahi kuitwa Oryema wa Kanada? Changamoto ya msanii wa ugenini haiishii kwenye chakula, baridi na kodi ya nyumba. Hata akifaulu, hupimwa kwa kipimo cha mwenyeji. Swali la maudhui ya utamaduni na utambulisho linapokuja, mfano huu unafaa kuliko kuandika kwa jumla kwamba “Wazungu hudharau tamaduni za Waafrika”. Hawakumdharau. Walimpenda kwa jina la mtu mwingine.

Mwaka 1993 alitoa albamu ya pili akaiita Beat the Border, yaani Ushinde Mpaka. Hilo ni jina ambalo mtu wa Malaba angeweza kuliandika nyuma ya lori.

Ulinganishi: Ayub Ogada

Mwaka huohuo wa 1993 lebo hiyohiyo ilitoa albamu ya kwanza ya Mkenya Ayub Ogada, En Mana Kuoyo, maana yake “ni mchanga tu” kwa Kijaluo. Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, alienda Uingereza mwaka 1986 akiwa na nyatiti yake ya nyuzi nane, na alipata riziki kwa kuwapigia wapita njia wa London kabla hajaalikwa WOMAD. Wimbo wake Kothbiro ulisikika baadaye katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Alirudi Kenya, akafariki mwaka 2019 katika kaunti ya Kisumu.

Kwa nini tunawaweka pamoja? Wote wawili walitoka na ala ya jadi, wote wakarekodi kazi ya kwanza Uingereza chini ya lebo moja, na wote wakaimba kwa lugha za Kiluo zinazokaribiana. Tofauti ni mlango waliotokea. Ogada aliondoka kwa hiari na angeweza kurudi alipotaka. Oryema alitolewa kwa siri. Sikiliza albamu hizo mbili mfululizo na utahisi tofauti hiyo hata bila kuelewa neno moja. Nyatiti ya Ogada ni ya mtu aliyesafiri. Huo ni uamuzi wa masikio yangu, na najua mwalimu mwenzangu wa muziki asiyekubaliana nami hata chembe.

Kuhusu vitabu teule: waliokutangulia waliosoma Chozi la Heri wanamkumbuka Ridhaa akisimama kwenye gofu la nyumba yake iliyoteketea pamoja na jamaa zake. Ridhaa alipoteza watu na makao ila akabaki katika nchi yake. Nawe unayesoma Nguu za Jadi umeona namna uhasama wa Waketwa na Wakule chini ya Mtemi Lesulia unavyowafanya watu kuwa wageni kwao. Ukiulizwa kuhusu maudhui ya ukimbizi au unyanyasaji wa kisiasa jibu lako litoke kitabuni. Kisa cha Oryema kikusaidie kuelewa, kisiingie kwenye karatasi kama ushahidi wa riwaya. Kuna mtahiniwa aliyewahi kufanya hivyo, na aya nzima ilipata sufuri.

Swali na namna ya kulijibu

“Kurekodi nyimbo za jadi kwa vyombo vya kisasa kuna faida na hasara.” Jadili. (Alama 20)

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuorodhesha hoja kumi za faida na kumi za hasara zisizo na mfano hata mmoja. La pili ni kusimulia maisha ya msanii ukurasa mzima bila kugusa swali. Jibu zuri huenda hivi, na nitaandika aya moja ya kila upande uone kina kinachotakiwa.

Upande wa hasara: Kurekodi humtenga fanani na hadhira yake. Katika utendaji wa kawaida hadhira huitikia, hupiga makofi na hata kumrekebisha fanani. Geoffrey Oryema, Mwacholi wa Uganda, alipotunga akiwa Ufaransa na kurekodi Uingereza, hakuwa na hadhira ya Waacholi ya kumwitikia, na sauti za kuitikia zikatolewa na wanamuziki wa Kiingereza. Kwa hiyo kiitikio kilibaki kama umbo, lakini kazi yake ya kuunganisha jamii ikapungua.

Upande wa faida: Kurekodi huokoa wimbo ambao uwanja wake umefungwa. Chini ya utawala wa Amin isingewezekana kuimba hadharani kuhusu waliouawa. Uhamishoni, Oryema aliweza kuhifadhi nanga, lukeme na lugha ya Kiacholi katika albamu ya mwaka 1990, na leo mwanafunzi anaweza kuzisikia ingawa fanani amefariki.

Ona kwamba kila aya ina hoja, maelezo na mfano wenye jina na mwaka. Hilo ndilo linalotenganisha alama 12 na alama 18. Hitimisho liwe sentensi moja au mbili za msimamo wako.

Mazoezi

1. Fafanua tofauti kati ya mtunzi na nafsineni ukirejelea somo hili. (Alama 4)

2. “Exile si mbolezi.” Pinga au unga mkono kauli hii kwa hoja nne. (Alama 8)

3. Eleza mambo matatu yanayoweza kumfanya msanii wa uhamishoni asirudi kwao hata baada ya utawala uliomfukuza kuanguka. Usibuni habari za maisha ya Oryema. Toa hoja za jumla kutokana na fasihi uliyosoma. (Alama 6)

4. Kazi ya nyanjani, kwa makundi ya wanafunzi wanne. Mtafuteni mzee katika lokesheni yenu anayecheza akogo au adeudeu. Kwanza mwombeni ruhusa, na msiwashe simu kabla hajakubali. Msikilizeni akicheza mara moja bila kurekodi, kisha mrekodi mara ya pili. Andikeni aya mbili kuhusu kilichobadilika katika uchezaji wake alipojua simu imewashwa: je, aliimba kwa sauti kubwa zaidi, alifupisha, aliacha utani, alimtaja nani? Mkirudi shuleni mchezeeni darasa ule wimbo kutoka kwenye simu, na mmoja wenu ahesabu ni wangapi wameitikia. (Alama 12)